SOMO LA UFUNDI: Cheni ya Taimingi Ikilegea



Mashambani kwetu, kwenye chai na kwenye miwa, pikapu ni mfanyakazi mwenzetu. Asubuhi inapeleka mbolea na madumu ya dawa, mchana inamzungusha msimamizi, jioni inakwenda mjini kuchukua vipuri vya kiwanda, na usiku mtu akizidiwa kambini ndiyo inayomkimbiza hospitali. Ikizimika njiani usiku huo, hasara si ya mwenye shamba peke yake. Na kesho yake swali la kwanza ofisini huwa ni moja: dereva alikuwa nani?

Kwa hiyo safari hii tunaweka kando mambo ya mikutano na kuingia chini ya boneti. Tutajifunza namna ya kujua kama cheni ya taimingi ya injini imelika na kulegea, kabla haijakatika. Somo ni la madereva, mafundi na utingo wao, lakini mwenzetu anayesimama kwenye mashine za kiwandani asiruke ukurasa huu. Cheni iliyo ndani ya injini na cheni inayozungusha mkanda wa majani au kuinua miwa ni ndugu wa tumbo moja, na zinakufa kwa ugonjwa ule ule.

Mfano wetu utakuwa injini ya Toyota 22R, ya petroli, mitungi minne, lita 2.4. Ilianza kutengenezwa 1981, ikaachwa katika miaka ya 1990, lakini pikapu za Hilux zenye injini hiyo bado zinaonekana mashambani zikifanya kazi za kutwa. Tumeichagua kwa sababu ugonjwa wake wa cheni unajulikana sana na mafundi, na kwa sababu unaweza kuonekana kwa macho bila vyombo vya bei.

KAZI YA CHENI

Chini ya injini kuna krenki, inayozungushwa na pistoni. Juu kuna kemshafti, inayofungua na kufunga valvu. Katika injini ya mapigo manne, krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Ndiyo maana gia ya cheni iliyo juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Cheni ndiyo inayozifunga hizi mbili zisipishane hata kidogo: pistoni inapopanda, valvu ziwe zimeondoka njiani.

Cheni ikilegea, kemshafti inachelewa nyuma ya krenki. Valvu zinafunguka kwa kuchelewa na kufunga kwa kuchelewa. Katika 22R, distributa nayo inazungushwa na kemshafti, basi na cheche ya plagi inachelewa. Gari linapoteza nguvu mlimani, linakunywa petroli, linapata joto haraka. Fundi asiye na subira hulegeza distributa, akaizungusha kidogo, gari likapona. Baada ya mwezi linarudi vile vile. Injini inayotaka kurekebishwa taimingi kila mara haina shida ya distributa, mchunguzeni cheni.

Na cheni ikiruka meno au ikikatika gari likiwa mwendoni, valvu zilizobaki wazi zitapigwa na pistoni. Zinapinda pale pale. Hapo hakuna tena kutengeneza barabarani.

KWA NINI CHENI HUREFUKA

Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba chuma ni mpira. Sivyo. Kila kiungo kina pini ndogo inayozunguka ndani ya tundu lake. Pini inalika, tundu linalika. Chukueni cheni yenye viungo 100. Kila kiungo kikilika milimita 0.02 tu, uwazi mwembamba kuliko unywele, cheni nzima imekuwa ndefu kwa milimita 2. Hakuna kilichovutika. Ni uwazi mdogo mdogo uliojumlishwa.

Kinachozila pini hizo kwanza ni oili chafu. Oili hubeba masizi, vumbi na chembe za chuma, na ikikaa kupita muda wake inageuka kuwa kitu cha kusagia. Barabara za shamba wakati wa kiangazi zina vumbi jekundu linaloingia kila mahali, na chujio la hewa likichanika linaingia mpaka ndani ya mitungi. Ratiba ya kubadilisha oili iliyoandikwa kwa gari la mjini haifai huku. Vitabu vya watengenezaji wenyewe hutaka oili ibadilishwe mapema zaidi kwa gari linalofanya kazi kwenye vumbi, au linalobeba mizigo mizito kwa mwendo wa polepole. Fungueni kitabu cha gari lenu mtayaona maneno hayo. Mara nyingi ni ukurasa ambao ofisi haijausoma.

Sasa turudi kwenye 22R. Injini za kwanza za aina hii zilikuwa na cheni ya safu mbili, nzito, ya kudumu. Mwaka 1982 mtengenezaji alibadilisha, akaweka cheni ya safu moja ikiongozwa na reli za plastiki, ili injini izunguke kwa wepesi zaidi. Upande mmoja kuna kikaza cheni, yaani kifaa kinachosukumwa na presha ya oili ili kumeza ulegevu wa cheni. Kikaza hicho kina mwisho wake. Cheni ikilika vya kutosha, kwa kawaida kati ya kilomita 130,000 na 225,000, kikaza kinafika mwisho wa urefu wake na hakiwezi kusukuma tena. Kuanzia hapo cheni inaanza kuichapa reli ya plastiki ya upande wa pili, na plastiki inavunjika baada ya kilomita mia chache tu.

Reli ikishavunjika, cheni inapiga kava ya mbele ya injini, ambayo ni ya aluminiamu. Inalikata taratibu kama msumeno, mpaka inatoboa njia ya maji iliyo nyuma ya wota pampu. Maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Watu wakiona hivyo wanadhani gasketi ya kichwa imeungua, wanafungua kichwa, wanaweka gasketi mpya, na maji yanaingia tena.

Jambo moja kuhusu kilomita. Kilomita za shamba si kilomita za lami. Gari linalokaa saa nzima likinguruma kwenye kituo cha kupimia chai halikuongeza hata kilomita moja, lakini cheni ilikuwa ikizunguka. Na pikapu ngapi za mashambani zina saa ya kilomita inayofanya kazi? Msingojee namba.

KUSIKILIZA

Cheni iliyolegea ina sauti yake. Ni kama kokoto kwenye debe, na inatoka mbele ya injini, si katikati. Sikilizeni asubuhi injini ikiwa baridi. Ikigonga kwa sekunde mbili tatu kisha ikanyamaza, ni kwamba oili ilikuwa haijafika kwenye kikaza. Si habari njema kwa gari la zamani, lakini si ya kusimamisha kazi. Ikiendelea hata injini imepata moto, na hasa ikiongezeka unapoachia mafuta ghafula, hiyo tayari ni cheni inayochapa ukuta.

Msichanganye na tapeti. Tapeti zinagonga juu, chini ya kava ya valvu, mlio mwembamba wenye mpango, tik-tik-tik. Cheni haina mpango. Inakoroma na kukwaruza. Chukueni bisibisi ndefu, ncha iguse kava ya mbele, mpini uwekeni sikioni. Angalieni feni na mikanda msije mkaumia.

Wota pampu iliyochoka na jenereta yenye bearingi mbovu huweza kudanganya sikio. Dawa ni rahisi: zimeni injini, toeni mkanda wa feni, washeni tena kwa nusu dakika, isizidi dakika moja, kwa sababu maji hayazunguki. Sauti ikipotea, kosa lilikuwa kwenye vile vinavyozungushwa na mkanda. Ikibaki, iko ndani.

KUPIMA

Hapa ndipo penye somo lenyewe, tusiende haraka.

Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe au vipande vya mbao, gia iko nyutro. Toeni waya hasi wa betri. Hii si adabu ya darasani. Mtu akigusa ufunguo mkono wa mwenzake ukiwa kwenye puli, vidole vinakwenda. Injini iwe imepoa. Mikono mirefu ya mashati ikunjwe.

Toeni plagi zote, ili injini izunguke kwa wepesi bila kubanwa na hewa. Toeni kifuniko cha distributa mwone rota. Kabla ya kitu kingine, shikeni rota kwa vidole mwipindishe taratibu. Upande mmoja itazunguka kidogo na kurudi yenyewe kwa springi. Hiyo ni kazi yake, si ubovu. Upande mwingine ikicheza sana bila springi, gia ya distributa imelika, na mchezo huo msije mkaihesabia cheni.

Sasa tieni spana kwenye bolti ya puli ya krenki. Zungusheni kwa mwendo wa saa, mkiwa mmesimama mbele ya gari mkiitazama injini, mpaka alama ya puli ifike kwenye sifuri ya kipimo kilichobandikwa kwenye kava. Msipitilize. Kama imepita, zungusheni mzunguko mzima mje upya, kwa sababu mkirudisha nyuma mmeshaulegeza upande ambao mlitaka ukaze. Wekeni alama ya chaki kwenye puli, na nyingine mkabala nayo kwenye kava.

Mtu mmoja aitazame rota bila kupepesa. Mwingine aanze kurudisha spana nyuma, polepole sana. Puli itatembea, rota itatulia. Mara rota inapotikisika kwanza, mtazamaji apige kelele, na spana isimame hapo. Umbali kati ya chaki mbili ndio ulegevu. Zungusheni tena mbele mara moja. Katika injini yenye kikaza cha presha ya oili kama hii, kurudisha nyuma kunakisukuma kikaza ndani, kwa hiyo msirudishe zaidi ya inavyohitajika. Cheni iliyochoka sana inaweza kuruka jino.

Rudieni mara tatu. Kipimo cha mara moja si kipimo.

Kubadili umbali huo kuwa digrii hakuhitaji kifaa. Zungusheni uzi kwenye ukingo wa puli, pimeni urefu wake kwa rula, gawanyeni kwa 360. Tuseme uzi umetoka milimita 450. Kila digrii moja ni milimita 1.25. Basi digrii 5 ni milimita 6 na robo, digrii 10 ni milimita 12 na nusu.

Ngapi ni nyingi? Kitabu cha injini yenu kikitaja namba, fuateni hicho na si sisi. Kisipotaja, tunawashauri hivi: ulegevu usiozidi digrii 5 hauna haja ya kelele. Kati ya 5 na 10, andikeni, mpime tena mwezi ujao, mwone kama unakua. Ukipita 10, kava ya mbele ifunguliwe, na gari lisitumwe safari ya mbali wala kubeba watu mpaka ifunguliwe. Namba inayokua inatutisha kuliko namba kubwa iliyotulia.

Gereji yenye taa ya taimingi inaweza kuongeza ushahidi. Injini ikinguruma polepole, alama ya puli chini ya taa hiyo inatakiwa isimame kama imegandishwa. Ikitangatanga mbele na nyuma, cheni ni mshukiwa wa kwanza.

KUCHUNGULIA

Katika 22R kuna njia ya kuona bila kufungua mbele. Fungueni kava ya valvu, mulikeni kwa tochi kule mbele ambako cheni inashuka. Reli inayovunjika ni ile ya upande wa kushoto wa gari, ukiwa umeketi ndani ukitazama mbele. Tunasisitiza hivyo kwa sababu vitabu vingi na mafundi wengi husema "upande wa dereva". Hayo ni maneno ya nchi ambazo usukani uko kushoto. Wenzetu wa Uganda, ambako usukani uko kulia, wakitafuta upande wa dereva wataona kikaza kizima na kurudi wakisema yote ni salama. Na Kongo na Burundi, ambako magari hupita kulia lakini mengine yameletwa na usukani wa kulia, mambo yanachanganyika zaidi. Sahauni dereva. Semeni kushoto.

Reli nzima imesimama wima, imekaa karibu na cheni. Iliyovunjika inaonekana imepungua, imeinama, au haipo. Kama haipo, jiulizeni imekwenda wapi. Iko kwenye sampu. Vipande vyake huweza kukaa kwenye chujio la pampu ya oili na kuinyima injini oili, kwa hiyo kubadilisha reli bila kushusha sampu ni kazi nusu.

Vuteni kijiti cha oili. Oili iliyoingiliwa na maji inakuwa kama chai ya maziwa. Na kama rejeta inapungua maji kila siku na hapana tone linaloonekana chini, maji hayo yamekwenda mahali fulani. Gari la namna hiyo lisiwashwe tena hata kwa kulisogeza uani. Bearingi za krenki haziwezi kuishi kwenye mchanganyiko huo.

Ikifunguliwa, badilisheni vyote pamoja: cheni, gia zote mbili, kikaza, reli, na sili ya mbele. Meno ya gia yaliyolika yanakuwa kama ndoana, na cheni mpya ikiwekwa juu yake itazeeka upesi. Ofisi itasema cheni peke yake ni rahisi. Ni rahisi leo. Reli zenye mgongo wa chuma hupatikana kwa injini hii, na ni bora kuliko zile za plastiki tupu. Kava iliyochimbwa lakini haijatobolewa itazamwe vizuri na fundi mwenye uzoefu. Iliyotobolewa isizibwe kwa gundi.

Oili iliyotumika si kitu cha kunawia wala cha kupaka. Ikikaa kwenye ngozi miaka na miaka ni hatari ya saratani. Naweni kwa sabuni, si kwa petroli, na mwajiri ndiye atoe sabuni hiyo na glavu.

MAGARI MENGINE

Si kila injini ina cheni. Hilux za dizeli za 2L, 3L na 5L, na baadaye 2KD, zina mkanda wa mpira, ambao haupigi kelele ya kuonya na lazima ubadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa. Dizeli za 2GD zilizoanza 2015 zimerudi kwenye cheni. Katika magari ya kompyuta hakuna distributa ya kutazama rota, lakini kompyuta yenyewe inalinganisha krenki na kemshafti. Zikipishana, inawasha taa ya injini na kuandika namba P0016 au jamaa zake. Namba hiyo haisemi lazima ni cheni. Waya, sensa au valvu ya oili huweza kuileta. Inasema tu: chunguzeni hapa.

KWA WENZETU WA KIWANDANI

Cheni ya mashine mnaweza kuipima vizuri zaidi kuliko fundi wa gari, kwa kuwa iko wazi. Zimeni mashine, fungeni swichi kuu kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayepima. Cheni yenye kiungo cha inchi 1, viungo 12 vikiwa vipya na vimekazwa ni inchi 12 kamili, milimita 304.8. Kikomo kinachotajwa mara nyingi kwa cheni za viwandani ni ongezeko la 3 kwa 100. Yaani viungo hivyo 12 vikifika milimita 314, cheni imekwisha. Pimeni sehemu tatu tofauti. Kuondoa kiungo kimoja ili cheni ikaze tena, kama inavyofanywa mahali pengi, kunapoteza ulegevu lakini hakurudishi chuma kilicholika, na inayokatika ikirushwa inaweza kumuua mtu.

DAFTARI

Tufike kwenye fedha. Katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda, pikapu iliingia maji kwenye oili. Gereji ya nje ikabadilisha gasketi ya kichwa, gari likatolewa, siku chache bearingi zikafa. Ofisi ikamwandikia dereva barua kwamba gharama zitakatwa kwenye mshahara wake kidogo kidogo, kwa kuendesha gari bila uangalifu.

Kamati ya tawi haikuanza kwa kupiga kelele. Iliomba mambo mawili: kava ya mbele ifunguliwe mbele ya pande zote, na daftari la gari liletwe. Kava ilipofunguliwa, mfereji wa cheni ulikuwa umechimbwa kwenye aluminiamu mpaka tundu la maji, na vipande vyeusi vya plastiki vilikuwa kwenye sampu. Mfereji kama ule hauchimbwi kwa safari moja. Ndani ya daftari, dereva alikuwa ameandika mara tatu, katika wiki tofauti, kwamba injini inagonga mbele, na mara zote tatu msimamizi alikuwa ametia sahihi. Hapohapo ilionekana oili ilikuwa imeahirishwa kubadilishwa. Makato yakafutwa.

Hatusemi dereva hana wajibu. Kuangalia oili na maji kila asubuhi ni kazi yake, na anayeendesha huku taa nyekundu ya oili inawaka, chama kitapata taabu kumtetea. Tunasema tu kwamba kuchakaa si kosa la mtu. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unasema katika kifungu cha 8 kwamba makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Na mfanyakazi aelezwe masharti hayo. Barua ya meneja peke yake haimo katika orodha hiyo. Kila tawi liwe na nakala ya sheria ya kazi ya nchi yake, kwa sababu mambo yanatofautiana kati ya nchi na nchi.

Basi mkisikia cheni, andikeni. Tarehe, kilomita kama saa inafanya kazi, sauti ilikuwa baridi au moto, ulegevu ulikuwa milimita ngapi kwenye puli, aliyeambiwa ni nani, na sahihi yake. Akikataa kutia sahihi, andikeni kwamba amekataa, na shahidi atie yake. "Gari bovu" halitoshi. Neno hilo linaweza kumaanisha hata kioo kilichopasuka. "Cheni inagonga injini ikiwa moto, ulegevu milimita 14, puli milimita 450" ni maneno ambayo mhandisi wa ofisi hawezi kuyapita. Andikeni nakala ya pili, ikae kwa mwakilishi wa tawi.

KWA VIKUNDI VYA MASOMO

Kabla ya mkutano wenu, mmoja atafute cheni kuukuu ya taimingi kutoka gereji yoyote, mwingine alete cheni ya baiskeli au ya mashine iliyotupwa, na rula. Ishikeni kila cheni kwa ubavu, mwone inavyoinama. Iliyolika inalala kama kamba. Kisha jadilini: puli yenye uzi wa milimita 400 ikitembea milimita 11 kabla ya rota kutikisika, huo ni ulegevu wa digrii ngapi, na mtaliruhusu gari hilo kwenda kuchukua wagonjwa usiku? Shambani kwenu, nani anaamua siku ya kubadilisha oili, na uamuzi huo umeandikwa wapi? Dereva akiripoti sauti na akaambiwa aendelee na kazi, kamati ya tawi inapaswa kupata habari ndani ya siku ngapi? Majibu ya swali la mwisho yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na kupelekwa kwa katibu wa tawi.